Ile sita ilikwenda wapi?

Mwaka jana, usiku, kwenye kundi letu la WhatsApp la wafugaji wa kuku wa kienyeji, mtu aliuliza chanjo ya mdondo, ile ya matone ya I-2, inarudiwa baada ya muda gani. Mimi si daktari wa mifugo. Mchana naandika programu za kompyuta; kuku ni wa jioni na Jumapili. Lakini jibu nilikuwa nalijua, na nilitaka niwe wa kwanza. Nikaandika: tone moja jichoni kwa kila kuku, rudia kila baada ya miezi sita. Nikaweka simu chini, nikanywa maji, nikakumbuka kwamba si sita, ni mitatu. Nikaishika tena simu, nikabadilisha neno moja, nikalala.

Miezi minne baadaye mama mmoja wa Kilosa akaandika kundini kwamba kuku wake wamezubaa, wawili wanapinda shingo, na kinyesi ni cha kijani. Akaulizwa kama alirudia chanjo. Akajibu kwamba muda bado, humu humu tuliambiwa miezi sita. Watu wakapanda juu kuutafuta ujumbe. Ujumbe ulisema mitatu. "Mama, uwe unasoma vizuri," mmoja akamwandikia. Mwingine akaweka skrinshoti yenye duara jekundu. Mama wa watu akaomba radhi, akasema labda ni macho.

Macho yake yalikuwa mazima. Aliusoma ujumbe katika zile dakika chache kati ya sita na mitatu, akaandika kwenye daftari lake la kuku, akafunga simu. WhatsApp inaruhusu kurekebisha ujumbe ndani ya dakika 15, tangu ilipoleta uwezo huo Mei 2023, na inaweka alama ndogo karibu na saa kuonyesha kwamba ujumbe umehaririwa. Palibadilika nini, haisemi. Kwa kanuni yoyote ya kundi sikuwa na kosa: nilichukua jibu bovu nikalifanya zuri. Na kwa kufanya hivyo nikamfanya mtu mkweli aonekane hajui kusoma, mbele ya watu zaidi ya mia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mambo haya ni kazi yangu. Nimeishi miaka mingi kwenye kumbi za maswali na majibu za watu wa kompyuta, ambako kurekebisha majibu ni shughuli ya kila siku na taratibu zake zimeandikwa. Nilijiona mwenye adabu hiyo. Nilipoyapitia upya baada ya kisa cha Kilosa niligundua kwamba karibu kila utaratibu tulionao unaliangalia jibu, liwe safi, liwe sahihi, liwe fupi. Yule aliyekwisha kulisoma na kuondoka haangaliwi na mtu.

Chukua Stack Overflow, ukumbi mkubwa kuliko yote wa waandika programu, ulioanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Tangu mwanzo walichanganya mambo mawili: jibu lina jina na picha ya mwenyewe, lakini mtu mwingine anaweza kuligusa, kama ukurasa wa Wikipedia. Ukiwa na pointi, zile unazopata wengine wakiyapigia kura maandiko yako, chini ya 2,000, pendekezo lako linasubiri wengine walikubali, na likikubaliwa unapata pointi 2. Ukizidi hapo, marekebisho yako yanaingia moja kwa moja. Kila toleo linahifadhiwa. Ndiyo maana adabu ya nyumba ile inasema usirundike maneno "EDIT" chini ya jibu. Liandike upya kana kwamba umeliandika leo, na anayetaka ya jana akafungue historia ya marekebisho.

Kwa msomaji wa kesho mtindo huu ni mtamu. Nani anataka kupita kwenye "EDIT 1", "EDIT 2", halafu "EDIT 3: samahani wadau, ile EDIT 2 puuzeni"? Kwenye Reddit desturi ni kinyume, mtu muungwana anaandika EDIT na kueleza alichobadilisha, kwa sababu kule msomaji hana pa kuliona toleo la zamani. Kila nyumba na adabu yake, na mara nyingi adabu inatokana na vifaa vilivyomo ndani.

Lakini hoja ya Stack Overflow, kwamba historia ipo, mimi imeanza kunikera. Ipo, ndiyo, kama tangazo la mabadiliko ya mpaka wa kiwanja lililobandikwa ndani ya kabati la ofisi ya mtaa. Katika miaka yote hiyo, nje ya ugomvi, sijawahi kumwona mtu wa kawaida akifungua historia ya jibu. Anakuja saa saba za usiku, anakopi mistari minne, anapesti, ikikubali analala. Jibu likibadilika wiki ijayo kwa sababu lilikuwa na kosa la hatari, yeye hana habari, na mistari yake minne inaendelea kufanya kazi kwenye mashine ya ofisi fulani.

Halafu kuna dakika tano. Ukirekebisha jibu lako mwenyewe ndani ya dakika tano za kwanza, Stack Overflow haitengenezi toleo jipya. La zamani linayeyuka. Hapo ndipo ulipozaliwa ujanja ambao kila mkongwe wa pale anaujua: unatupa jibu la mstari mmoja upate nafasi ya kwanza, kisha unalijaza nyama taratibu huku wenzako bado wanaandika. Ni sawa na mpiga debe wa stendi. Anaushika mkoba wako kwanza, basi lenyewe atalitafuta baadaye. Nimeufanya ujanja huo mara nyingi, na siuhesabu kuwa dhambi kubwa, ila ndiyo tabia iliyonifikisha Kilosa.

Dhambi kubwa iko hatua moja mbele. Jibu lako lina kosa, jirani yako hapo chini ameandika lililo sahihi, na wewe, kwa kuwa una kura nyingi na umekaa juu, unalichota la kwake na kulimimina ndani ya lako. Kwa msomaji hakuna hasara. Jibu sahihi sasa liko juu. Kura zilizopigiwa lile bovu zinabaki palepale, kwa sababu kwenye Stack Overflow kura hufungwa baada ya dakika chache na hufunguka tena jibu likihaririwa, na ni nani atakayerudi kubadilisha kura ya mwaka juzi? Jirani anabaki na jibu sahihi linaloonekana kama ameiga. Nimewahi kumwona kijana mmoja, kazi yake nzuri kweli, akilaumiwa hadharani kwa kunakili jibu ambalo lilitokana na lake. Mwenye nalo alikuwa anasoma, na hakusema neno.

Msimamo wangu hapa ni mkali kuliko wa watu wengi: kama kiini cha jibu lako kilikuwa kibaya na cha mwenzako ni kizuri, usilirekebishe. Lifute. Na kama limeshakubaliwa na muuliza swali, na hivyo mfumo haukuruhusu kulifuta, basi mstari wa kwanza uwe unamwelekeza msomaji kwa mwenzako. Pointi zitapungua. Zipungue.

Upande wa muuliza swali nako kuna mambo. Mtu anauliza jambo moja, anajibiwa na watu watatu, anagundua kwamba shida yake halisi ni nyingine, anarudi juu na kubadilisha swali. Majibu matatu yote yanageuka upuuzi papo hapo. Waandika programu wanayaita maswali kinyonga, na hilo ni jina ambalo kwa mara moja limetufaa bila kuhangaika na tafsiri. JamiiForums, iliyopo tangu 2006, kisa hiki kila mtu anakijua: mleta mada akibadilisha andiko la kwanza, wachangiaji wote wa ukurasa wa kwanza wanaonekana wamevuta kitu. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka hunukuu andiko zima kabla ya kujibu, hata likiwa refu kama hotuba ya bajeti. Wageni huona ni ushamba, kumbe ni bima. Swali jipya lifunguliwe uzi mpya, basi. Sina la kuongeza.

La komenti ni dogo lakini linaonyesha malezi ya mtu. Msomaji anaandika chini ya jibu lako kwamba mstari wa tatu una kosa. Unarekebisha mstari wa tatu, unanyamaza. Komenti yake inabaki yatima, inanyooshea kidole kosa ambalo halipo, na anayekuja baadaye anamwona kama mtu wa kutafuta makosa. Utaratibu wa Stack Overflow ni kwamba komenti ni kitu cha kupita: umjulishe kwamba umerekebisha, naye aifute ya kwake. Sawa, lakini kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ndani ya jibu andika "nimesahihishwa na fulani kuhusu mstari wa tatu". Maneno matano sita hayajawahi kuharibu jibu.

Sasa kugusa jibu la mtu mwingine. Stack Overflow ina sharti moja la ajabu: pendekezo la mtu mwenye pointi chache lazima libadilishe angalau herufi 6. Nia yake ni njema, watu wasije kuhariri koma moja ili wachume pointi. Lakini katika programu herufi moja inaweza kuua. Matokeo yake mtu anayetaka kuondoa nukta moja yenye balaa inabidi apambe na sentensi ya jirani ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mwenye jibu akirudi anakuta Kiingereza chake kimenyooshwa na mgeni, anakasirika, anarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na nukta.

Mfano mzuri zaidi ni Python, lugha ya kuandikia programu. Toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008, mwaka uleule Stack Overflow ilipofunguliwa, na Python 2 ikaendelea kutunzwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Kwa hiyo kuna mlima wa majibu yaliyoandikwa kwa lugha ambayo imeshazikwa. Baadhi ya makosa yake ni ya kistaarabu: ukiandika print "Habari" kwenye toleo jipya, inakataa na kukuambia kwamba mabano hayapo. Lakini gawanya 7 / 2. Python 2 ilikupa 3. Python 3 inakupa 3.5. Hapigi mtu kelele, hakuna onyo. Namba tu imekuwa nyingine, na kama ulikuwa unagawa viti au zamu za watu, nusu mtu amezaliwa ndani ya ratiba yako.

Je, mimi mpita njia niingie kwenye jibu la mtu la mwaka 2010 na kulibadilisha? Kanuni yangu ni hii: kama badiliko linafaa kwa wa zamani na wa sasa, ingia. Ukiandika 7 // 2, matoleo yote mawili yanakupa 3. Hakuna aliyefungiwa mlango, na mwenye jibu hajawekewa mdomoni neno ambalo asingelisema. Lakini kama badiliko linamfaa mmoja na kumharibia mwingine, acha jibu lake lilivyo, andika la kwako pembeni, taja toleo. Python 2 imezikwa kwenye karatasi. Mashine zinazoiendesha nimezikuta kwa macho yangu kwenye ofisi ambazo hazina mpango wa kubadilisha kitu hadi paa liporomoke. Watu hao nao wanauliza maswali usiku.

Majibu ya kale ya PHP, lugha nyingine ya programu, yanayofundisha kuhifadhi nywila kwa MD5, njia ya zamani ambayo siku hizi inavunjwa kirahisi, ni jambo jingine. Hapo siombi ruhusa: onyo linawekwa juu kabisa, lenye mwaka, na mwili wa jibu unaachwa. Anayekopi lazima akutane na onyo kabla ya msimbo.

Kuna watu walilitatua jambo hili mapema mno, na hawakuwa na kompyuta. Waislamu wengi wa pwani yetu, kutoka Lamu hadi Kilwa na visiwani, wanafuata madhehebu ya Imamu Shafii. Alitoa fatwa zake Iraki, kisha mwishoni mwa maisha yake akahamia Misri, ambako alifariki mwaka 820. Kule Misri alibadilisha majibu yake katika masuala mengi. Wanafunzi na wanazuoni waliomfuata hawakuyafuta ya kwanza wakajifanya hayakuwepo. Waliyapa majina, kauli ya kale na kauli mpya, kadimu na jadidi, na hadi leo ukifungua vitabu vya fikihi ya Kishafii unakuta limeandikwa wazi lipi ni lipi. Kwa kawaida jipya ndilo linalofuatwa. Lakini kwa kuwa yote mawili yalihifadhiwa, wanazuoni waliweza kuyapima, na katika masuala machache wakaona la kale ndilo lenye nguvu zaidi. Mojawapo ni ile nyongeza ya adhana ya alfajiri, "swala ni bora kuliko usingizi": kauli mpya haikuipendelea, ya kale iliikubali, na madhehebu yakaishika ya kale. Mwadhini wa Unguja anayekuamsha saa kumi na moja anatamka, kwa hesabu ya fikihi, toleo la zamani la jibu.

Sisemi kila jibu kuhusu kuku lihifadhiwe kwa karne kumi na mbili. Nasema waliona kwamba aliyesikia jibu la Baghdad ana haki ya kujua kwamba limebadilika, na kwamba hakulizua.

Adabu hii ikivunjwa na mwenye nyumba ndipo unaona thamani yake. Novemba 2016 Steve Huffman, mkuu wa Reddit, alikiri kwamba aliingia kwenye komenti za watumiaji waliokuwa wakimtukana na kubadilisha jina lake akaweka majina ya wasimamizi wa kundi lao, bila alama yoyote kuonyesha kwamba zimeguswa. Aliomba radhi. Matusi yenyewe hayakuwa na thamani ya kuyalilia. Ila kuanzia siku ile neno lolote chini ya jina la mtu yeyote pale lilikuwa na swali nyuma yake: ni wewe kweli uliyeandika? Sentensi moja isiyo na kovu ilizitia shaka zote nyingine.

Mei 2024 ikawa zamu ya wachangiaji. Stack Overflow ilipotangaza ushirikiano na OpenAI, kampuni ya akili bandia iliyotengeneza ChatGPT, baadhi ya watu waliojitolea jasho kwa miaka walianza kufuta majibu yao bora au kuyageuza kuwa tamko la kupinga. Wasimamizi wakayarudisha, na akaunti kadhaa zikasimamishwa. Kisheria hapakuwa na mjadala mrefu: ukichangia pale unatoa kazi yako kwa leseni ya Creative Commons, na leseni hiyo haina kuombwa irudi. Nilikuwa upande wa wenye hasira, kusema kweli. Mtu hajibu maswali bure kwa miaka kumi ili aje kuwa malighafi ya biashara ambayo hakuulizwa. Lakini kulivuruga jibu kulimpiga mtu asiyehusika. Kampuni ina nakala yake. Anayekuta majivu ni yule wa saa saba za usiku. Pale pale kuna njia ya kuomba jina lako liondolewe kwenye jibu, jibu likabaki bila mwenyewe. Sijui kwa nini hatukuizungumza njia hiyo kwa sauti kubwa zaidi. Pengine kwa sababu haikuonekana kama maandamano.

Siku hizi kwenye kundi la kuku nikikosea namba sibonyezi kuhariri. Naujibu ujumbe wangu mwenyewe: hapo juu nimeandika sita, ni mitatu, aliyeandika kwenye daftari arekebishe. Linaonekana jibu la kizembe, mtu anajikosoa mwenyewe kama mlevi. Admini ameshaniuliza mara mbili kama sijui kwamba ujumbe unaharirika.

Kwa mama wa Kilosa nilikaa kimya kutwa nzima, nikipima maneno, nikitumaini mazungumzo yatasogea. Jioni nikaandika mbele ya watu wote: "Shikamoo mama. Niliandika miezi sita, nikabadilisha baada ya dakika chache bila kusema. Ulisoma sawasawa. Kosa ni langu." Siwezi kuapa kwamba mwezi ule mmoja ndio uliowaua, mdondo ukishapita kijijini hauulizi daftari. Aliyeweka duara jekundu hakuandika kitu.

"Marahaba mwanangu," akajibu. "Nilijua sijawa kipofu. Saba wameenda." Kisha akatuma picha ya daftari. Sita ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, bado inasomeka, juu yake ameandika mitatu kwa wino mwingine, na pembeni tarehe. Chini ya picha akauliza kama chupa ikishafunguliwa, matone yaliyobaki yanafaa kesho. Nilianza kuandika, nikafuta, nikamwambia asubiri nimpigie daktari wa mifugo.